Babeli kwa Ncha ya Patasi

Kwa kusimuliwa tu, mgahawa wa Gilgamesh uliofunguliwa London mwaka 2006 ulikuwa kichekesho: Babeli imejengwa Camden, kwenye soko lililokuwa mazizi ya farasi, na mezani chakula cha Asia. Mwenye jicho la seremala hakucheka. Alizisogelea kuta.

Mbao za kuta hizo zilichongwa kwa mkono na mafundi wa India. Kazi hiyo haina njia ya mkato. Fundi huchora umbo, kisha hushusha usuli taratibu mpaka ndevu za mfalme na mabega ya simba yabaki yametuna. Patasi ikienda kinyume cha nyuzi za mti, ubao huchanika, na kazi ya siku nzima hupotea pamoja na pua ya mtu. Mabamba ya shaba nayo yana ukaidi wake: mfua shaba hugonga upande wa nyuma ili sura ijitokeze mbele, kwa hiyo nusu ya kazi huifanya bila kuiona. Taa hafifu za baa ziliziheshimu kazi zote mbili, kwani nakshi husomeka kwa vivuli vyake.

Mkono wa fundi una lafudhi. Wenyeji wa Mji Mkongwe, Unguja, wanalijua hilo: mlango wenye tao juu na majani yaliyojikunja husema Kihindi, hata kama mwenye nyumba alikuwa Mwarabu. Babeli ya Camden nayo ilizungumza kwa lafudhi ya walioichonga. Aliyetaka kusikia lafudhi ya Mesopotamia yenyewe alitembea kilomita chache tu hadi British Museum, kwenye simba wa mfalme Ashurbanipal waliochongwa katika jiwe yapata mwaka 645 kabla ya Kristo. Yupo simba jike aliyechomwa mishale, anaiburura miguu ya nyuma. Kina cha mchongo ni kidogo, uchungu wa simba huyo hauna mwisho.

Kaunta ya baa ilivikwa lapisi lazuli, jiwe la buluu ambalo watu wa Mesopotamia walilifuata mbali, katika milima ya Afghanistan ya leo. Katika utendi wa Gilgamesh, mfalme wa mji wa Uruk huko Mesopotamia, mungu wa kike Ishtar anamtongoza shujaa kwa gari la dhahabu na jiwe hilohilo. Hata baa yenyewe imo: Siduri, mama pima wa ukingo wa bahari, ndiye anayemwona mfalme akiwa amechakaa kwa kuutafuta uhai usio na kifo.

Hakuupata. Na pale Camden milango ya mgahawa ilishafungwa. Ila Gilgamesh aliporudi Uruk mikono mitupu, alimwambia nahodha aliyefuatana naye apande ukutani, atembee juu yake, achunguze matofali yalivyochomwa. Mfalme aliyeshindwa na mauti alitaka kazi ya mafundi itazamwe kwa karibu.