Boksi la Simu

Dakika za mwanzo za filamu ya 76 Days hazina msimulizi wala jina la mtu. Mhudumu wa afya, amevaa mavazi ya kujikinga kuanzia utosini hadi miguuni, yuko kwenye korido akimlilia baba yake ambaye mwili wake unaondolewa. Wenzake wamemshika, hawamruhusu kuufuata. Wanamwambia wanaujua uchungu wake, lakini ajitunze asije akaugua, maana mchana kuna kazi.

Nilisimamisha filamu pale kwenye habari ya kazi ya mchana. Nimeona picha nyingi za madaktari na wauguzi wa wakati wa korona: alama za barakoa mashavuni, makofi ya jioni kwenye vibaraza vya Ulaya, michoro ya ukutani inayomfanya nesi malaika mwenye mbawa. Hakuna iliyonieleza kwa ufupi kama huo jinsi mtu anavyovunjika akiwa kazini. Msiba umetokea, na ratiba ya zamu haijabadilika.

Filamu hii ya hali halisi ilitoka mwaka 2020. Siku 76 ni zile ambazo jiji la Wuhan, China, lilifungwa, kuanzia 23 Januari hadi 8 Aprili mwaka huo. Waongozaji ni watatu. Hao Wu aliihariri akiwa Marekani. Weixi Chen, mwandishi wa habari, aliingia hospitalini na kamera. Wa tatu ameandikwa tu kuwa hakutaka jina lake lijulikane. Mkumbuke huyo wa tatu, nitamrudia.

Mwaka 2021 ikatoka The First Wave ya Matthew Heineman, iliyopigwa katika hospitali ya Long Island Jewish, New York, kati ya Machi na Juni 2020. Nilizitazama zote mbili wiki moja, jambo ambalo simshauri mtu. Heineman anajua kazi yake. Kamera yake inakaa karibu na uso, na katikati ya filamu amemweka Dk. Nathalie Dougé, binti wa wahamiaji kutoka Haiti, anayezungumza waziwazi juu ya woga na uchovu wake. Wagonjwa wawili tunawafuata tangu mwanzo: askari wa usalama wa shuleni, na nesi aliyeletwa akiwa mjamzito. Wote wawili wanapona.

Hapo ndipo ninapotofautiana na Heineman. Wengi wamefariki ndani ya filamu hiyo, ila wale tuliofundishwa kuwapenda wanarudi nyumbani. Mtazamaji analia, kisha anafarijiwa, anafunga kompyuta akiwa mwepesi kuliko alivyoifungua. Machozi ya Dk. Dougé ni ya kweli kabisa, sina shaka nayo. Lakini ndani ya mpangilio ule yanafanya kazi ya kututuliza sisi tulioketi kwenye kochi.

76 Days haimuulizi mtu anajisikiaje. Inamwonyesha muuguzi mkuu akiwa na boksi. Ndani ya boksi kuna vitambulisho na simu za waliofariki. Anazifuta kwa dawa moja moja, maana virusi havijali kwamba mwenye simu hayupo tena. Simu mojawapo ingali na chaji, na kioo kinaonyesha ujumbe ambao haujasomwa. Baadaye muuguzi huyo anaanza kuwapigia ndugu waje kuchukua vitu vya watu wao.

Dada yangu ni nesi katika hospitali moja ya wilaya hapa Tanzania, ambayo sitaitaja. Tulipofika kwenye boksi alikuwa anamenya chungwa. Akasema bila kuinua uso, “Hilo na sisi tulikuwa nalo, ila letu lilikuwa droo.”

Nikanyamaza, na yeye akaendelea na chungwa lake. Kisha akasema, “Simu inaita, imeandikwa ‘Mwanangu’. Wewe habari unayo, yeye hana. Na si kazi yako kumwambia, ni ya daktari, na daktari yuko wodi nyingine.”

“Ukajisikiaje?” nikamuuliza, swali la Heineman hasa.

“Nikaenda kubadilisha dripu.”

Nimelifikiria jibu hilo kwa muda mrefu kuliko filamu zote mbili. Ukilisikia haraka utadhani dada amekwepa swali. Mimi naona alinijibu kwa usahihi. Kilichompata kilikuwa katika hatua kati ya ile droo na ile dripu. Mganga wa akili angeweza kukipa jina, sonona au msongo, na jina lina faida yake. Katika utafiti uliochapishwa Machi 2020, ambao taarifa zake zilikusanywa China wiki za mwanzo za kufungwa kwa Wuhan, waliulizwa wahudumu wa afya 1,257 wa hospitali 34. Nusu yao, asilimia 50.4, walikuwa na dalili za sonona. Takwimu hiyo naiamini. Lakini haina simu inayoita, na ndiyo maana mtu hutafuta filamu.

Sisi wazungumzaji wa Kiswahili tuna jambo la kusema hapa, maana tulikuwa na neno kabla ya “mashujaa” hawajaletwa. Ukimkuta mtu ametoka zamu unamwambia “pole na kazi”. Humsifu. Unakiri kwamba kazi imemwumiza, naye anajibu “nimeshapoa” hata kama hajapoa. Kichina nacho kina maneno ya namna hiyo, xinku le, ambayo humwambia mtu kwamba umeona amehenyeka. Lugha ya mashujaa haina nafasi ya jibu. Shujaa akikuambia amechoka, umemshusha cheo, au yeye amejishusha.

Na gharama yake inajulikana. Dk. Lorna Breen, aliyeongoza idara ya dharura katika hospitali moja ya New York, alijiua 26 Aprili 2020, mwezi uleule ambao kamera za Heineman zilikuwa zikifanya kazi katika jiji hilohilo. Familia yake imeeleza hadharani kwamba aliogopa kutafuta msaada wa akili kusingemwachia leseni wala heshima kazini. Machi 2022 Marekani ilipitisha sheria yenye jina lake, ya kugharamia huduma za afya ya akili kwa wahudumu. Nikikumbuka hilo, lawama yangu kwa The First Wave inapungua makali. Daktari anayesema “mimi naogopa” mbele ya kamera, katika taaluma ambayo kusema hivyo kunaweza kukugharimu, anafanya jambo ambalo manesi wote wa 76 Days, pamoja na mavazi yao yaliyoandikwa majina kwa kalamu, hawakulifanya.

Sasa yule mwongozaji wa tatu. 76 Days ni filamu bora zaidi kati ya hizi mbili, na ndiyo ninayoitilia shaka zaidi. Dk. Li Wenliang, daktari wa macho wa Wuhan, aliitwa polisi 3 Januari 2020 akasainishwa onyo kwa kuwatahadharisha wenzake juu ya ugonjwa huu. Alifariki kwa ugonjwa huohuo 7 Februari, ndani ya zile siku 76, katika jiji lilelile. Kwenye filamu sikusikia akitajwa. Hakuna mkubwa anayelaumiwa, hakuna anayeuliza kwa nini. Kuna tu watu wema wanaofanya kazi usiku. Najua filamu ambayo mmoja wa walioitengeneza ameficha jina haiwezi kusema kila kitu, na pengine bila kimya hicho tusingeiona kabisa. Bado, kimya hicho kinaniuma kwa sababu nakifahamu.

Hapa kwetu takwimu za mwisho za kitaifa zilitoka mwanzoni mwa Mei 2020: wagonjwa 509, vifo 21. Zikasimama hapo kwa zaidi ya mwaka. Mitaani na kwenye matangazo ya misiba likazuka neno “changamoto ya upumuaji”. Dada yangu aliuguza watu wenye changamoto ya upumuaji. Aliwafunika wenye changamoto ya upumuaji. Sasa mwambie mtu huyo aende kwa mshauri nasaha akaeleze kilichomsumbua. Ataanza na sentensi gani? Kuna maumivu ya kuzidiwa na wagonjwa, na kuna maumivu mengine ya kuzidiwa na kitu ambacho hakina ruhusa ya kuitwa jina lake. Wauguzi wa Wuhan walizidiwa angalau wakiwa na jina la ugonjwa. New York walikuwa na jina, takwimu za kila siku, na kamera ya Heineman.

Kwa hiyo filamu ninayoisubiri haijatengenezwa. Nisingependa iwe na mahojiano mengi, na muziki wa kinanda tafadhali usiwemo. Ningependa ianze na daftari la wodi, lile la makabidhiano ya zamu, na kamera ikae kwenye safu ya ugonjwa isomeke kilichoandikwa, mwezi baada ya mwezi. Kisha mtu amuulize aliyeandika.

Karibu na mwisho wa 76 Days, muuguzi mkuu anamkabidhi msichana mmoja vitu vya mzazi wake. Msichana analia. Muuguzi anamwomba radhi, ingawa hakukosa kitu. Dada yangu alitazama hadi hapo, akainuka akaosha mikono yake ya machungwa, akaiosha muda mrefu, akasema amechoka na kesho ana zamu ya asubuhi. Nikamwambia pole na kazi. Hakusema ameshapoa.