Mnyororo Mmoja Ndani ya Mrija

Plastiki iliyoyeyushwa hutiririka taratibu ukiiacha, lakini ukiivuta ghafla na kuiachia, hurudi nyuma. Molekuli zake ni minyororo mirefu mno iliyosokotana, na hakuna unaoweza kukatiza katikati ya mwenzake. Ukitaka kufuatilia kila mnyororo na majirani zake wote, hesabu haitaisha.

Mwaka 1967 Sam Edwards, mwanafizikia wa Uingereza, aliamua kutazama mnyororo mmoja tu. Majirani wote akawageuza mrija mwembamba unaouzunguka. Mwaka 1971 Mfaransa Pierre-Gilles de Gennes akaonyesha jinsi mnyororo unavyotoka humo: hutambaa kama nyoka, mara mbele, mara nyuma, bila mpango, hadi mrija wa zamani wote uachwe. Masao Doi wa Japani akashirikiana na Edwards, na mwaka 1978 wakaanza kuchapisha hesabu za mtiririko wenyewe.

Sichoki kuifuata hesabu yao ya mvuto wa ghafla. Mrija unarefuka, na mnyororo unanyooshwa pamoja nao. Kwanza mnyororo hujikunyata upesi ndani ya mrija mpaka urudie urefu wake, na sehemu ya mkazo huishia hapo. Mkazo uliobaki hupungua polepole sana, kadiri mnyororo unavyotambaa kutoka. Kiasi kinachopotea katika hatua ya kwanza kinapatikana kwa hesabu tupu, bila kuazima namba yoyote kutoka maabara, na kwa minyororo isiyo na matawi kinakaribiana mno na vipimo. Ujasiri ulioje! Mwaka 1994 Steven Chu na wenzake wa Stanford waliutia uzi mmoja wa DNA, ambayo nayo ni mnyororo mrefu, rangi inayong'aa, katikati ya nyuzi zisizo na rangi, wakauvuta ncha kwa leza. Ulijikunyata ukifuata kona zilezile ulimopitishwa.

Palibaki doa moja. Kwa hesabu za Doi na Edwards, minyororo ikiwa mirefu mara 2, mnato wa plastiki hupanda mara 8. Vipimo vilitoa zaidi ya mara 10. Ingekuwa rahisi kuchomeka namba ya kuziba pengo. Badala yake, Doi alirudi kuchunguza ncha za mnyororo. Ncha hazitulii: huingia ndani na kutoka tena, hivyo miisho ya mrija husahaulika mapema kuliko katikati. Nafuu hiyo ni kubwa kwa minyororo mifupi na ndogo kwa mirefu, ndiyo maana mnato hupanda kwa kasi kuliko ilivyotarajiwa. Minyororo ikiwa mirefu kupita kiasi, zile mara 8 hurejea.