Mkikuyu au Mgikuyu? Tahakiki ya Hoja Moja ya Kenyatta

Katika dibaji ya Facing Mount Kenya (1938), Jomo Kenyatta alidai kuwa desturi ya Wazungu ya kuandika "Kikuyu" ni kosa; umbo sahihi ni "Gikuyu". Tangu hapo wako walimu, Nyeri na kwingineko, wanaomkosoa mwanafunzi aandikaye "Mkikuyu" katika insha ya Kiswahili. Je, mwanafunzi huyo amekosa?

Kwa upande wa Kigikuyu chenyewe, Kenyatta hana mpinzani. Katika lugha hiyo, k ya kiambishi awali hugeuka g endapo silabi ifuatayo yaanza kwa sauti kama k au t. Hii ndiyo kanuni ya Dahl. Kwa sababu hiyo "kiti" cha Mswahili ni gĩtĩ kwa mtu wa Karatina; lakini lugha ya Meru husalia Kĩmĩrũ, na ya Embu Kĩembu, kwa kuwa hapo hapana sauti ya kuigeuza k.

Kiswahili hakina kanuni hiyo. Basi Gĩkũyũ kuwa "Kikuyu" ni sawa na gĩtĩ kuwa "kiti": ni ulinganifu wa Kibantu, wala si ulimi mzito wa mgeni.

Yapo mapingamizi. Mwenye Kimeru ni Mmeru. Mbona mwenye Kikuyu asiwe "Mkuyu"? Kwanza, mkuyu ni mti, nao ndio mũkũyũ ambao wengi hulinasibisha nao jina hili. Pili, wenyewe husema Mũgĩkũyũ, pasipo kuitupa gĩ, maana imekwisha kuwa sehemu ya jina. "Mkikuyu" yafuata muundo huohuo hatua kwa hatua.

Hata ingekuwa jina limetoka kwa jirani, hiyo isingekuwa aibu. Katika lugha zilizozaliwa na Kilatini, neno español halifuati mabadiliko ya sauti ya Kihispania; Paul Aebischer alionyesha mwaka 1948 kwamba lilitoka kwa majirani wa Provence, ng'ambo ya milima ya Pyrenees. Wahispania hawakulitupa.

Kenyatta alitetea haki ya watu kujiita watakavyo, na haki hiyo twaiheshimu: anayependelea "Mgikuyu" aandike hivyo. Lakini kalamu nyekundu juu ya "Mkikuyu" haimtetei Mgikuyu. Yakihukumu Kiswahili kwa sheria ya nyumba nyingine.