Hodi Mwisho wa Barabara ya Vumbi

Mgombea anayeijua kazi yake hubisha mlango, kisha hurudi nyuma hatua mbili tatu. Mwenye nyumba akichungulia dirishani humwona mzima mzima, pamoja na mikono yake na karatasi aliyoshika, na huona kwamba hakuna mwingine aliyejibanza pembeni. Akimaliza, hakatizi kwenye bustani kwenda kwa jirani. Hurudi kwa njia aliyojia na kulifunga geti kama alivyolikuta. Asipokuta mtu, huacha kipeperushi kwenye upenyo wa mlango. Hakitii ndani ya sanduku la barua, maana sheria ya Marekani hairuhusu kutia humo karatasi isiyolipiwa stempu. Juu ya kipeperushi hicho huandika kwa mkono wake: nimepita, sikukukuta.

Wanaowania kwa mara ya kwanza kiti katika bunge la jimbo huko Marekani wengi hujifunza haya barabarani, kwa miguu yao wenyewe. Kati ya wote ambao nimesoma habari zao, anayenivutia zaidi ni Chloe Maxmin, aliyegombea mwaka 2018 katika jimbo la Maine, kaskazini mashariki kabisa mwa nchi hiyo.

Bunge la Maine lina baraza la wawakilishi la watu 151, na jimbo zima lina wakazi milioni 1.3 na ushei. Kwa hiyo mwakilishi mmoja anasimama kwa niaba ya watu kama 9,000, wachache kuliko wakazi wa kata nyingi za Dar es Salaam. Muhula ni miaka miwili tu. Kwa kiti cha ukubwa huo, tangazo la televisheni ni hasara, kwa sababu wengi watakaoliona hawapigi kura katika eneo lako. Miguu inatosha. Mtu mwenye subira anaweza, kati ya matope ya Aprili na baridi ya Novemba, kufika kwenye karibu kila mlango unaomhusu.

Sheria ya jimbo hilo nayo inamsukuma mgombea aanze mapema. Mwaka 1996 wananchi wa Maine waliipigia kura sheria ya kugharimia kampeni kwa fedha za umma. Anayetaka fedha hizo kwa ajili ya kiti cha uwakilishi hukusanya kwanza michango ya dola 5 kutoka kwa wapiga kura wasiopungua 60 wa eneo lake. Naipenda sana sheria hii. Kabla hajachapisha bango hata moja, mgeni wa siasa ameshalazimika kuwatazama watu 60 usoni, kujieleza, na kuomba kitu kidogo kinachomtia haya mwombaji kuliko mtoaji.

Maxmin alikuwa hajafikisha miaka 30. Alikulia katika shamba la familia yao huko Nobleboro, akasoma Harvard, na akiwa mwanafunzi alikuwa mmoja wa walioanzisha vuguvugu la kukitaka chuo hicho kiondoe fedha zake katika makampuni ya mafuta na makaa ya mawe. Akarudi nyumbani kugombea kwa tiketi ya chama cha Democratic, katika eneo namba 88 ambalo halikuwahi kumchagua mtu wa chama hicho. Meneja wa kampeni yake alikuwa rafiki yake, Canyon Woodward.

Kazi ya hodi huanzia mezani. Daftari la wapiga kura huonyesha jina, anwani, chama alichojiandikisha mtu, na kama alipiga kura chaguzi zilizopita. Alimpigia nani, hilo halimo. Programu za kompyuta zinazotumiwa na vyama hupanga majina hayo kwa kukisia nani anashawishika, kisha humpa mgombea orodha ya milango yenye matumaini na kuiruka mingine yote. Baada ya kila mazungumzo, mwenye orodha hujaza tarakimu: 1 kwa anayeunga mkono kwa moyo wote, 5 kwa asiyetaka hata kusikia. Mpango huu unaokoa muda, na siulaumu. Lakini Maxmin na Woodward waliona gharama yake. Nyumba zinazorukwa kila uchaguzi hufikia mahali pa kuamini, kwa haki, kwamba hakuna anayezitaka. Basi wao wakaingia pia kwenye milango ya Warepublican, ya wasio na chama, na ya waliokwisha kukata tamaa na kura.

Maxmin mwenyewe amesimulia siku alipofika kwenye nyumba ya trela mwisho wa barabara ya vumbi. Mlango ulifunguliwa kidogo tu. Mwanamume aliyekuwa ndani alimwambia kwamba yeye ndiye wa kwanza kumsikiliza. Wengine, alisema, huihukumu nyumba yake kwa kuitazama tu na hawajisumbui kubisha. Akamwahidi kura.

Nimekirudia kisa hiki mara nyingi nikitafuta ufundi uko wapi, kwa sababu ukikisoma haraka utadhani ni wema tu. Ufundi uko katika mpangilio. Anauliza kabla ya kusema. Swali lake ni pana, la namna ya: mambo yanakwendaje hapa, nini kinakuelemea? Kisha ananyamaza, na kunyamaza huku ndiko kugumu kuliko yote. Mgombea mpya ana ilani kichwani, ana majibu aliyoyakariri, ana milango mingine thelathini kabla jua halijazama. Kila kiungo cha mwili wake kinamtaka aongee. Anayeweza kuuacha ukimya ukae hadi mwenyeji aseme jambo la pili, lile lililokuwa nyuma ya la kwanza, huyo ameiva. Na wakitofautiana, hatafuti ushindi pale kizingitini. Anasema msimamo wake bila kuupaka rangi, kisha anarudi kwenye lile waliloafikiana.

Akifika garini, anaandika. Mama wa nyumba hii ana mume mgonjwa, kijana wa ile anatafuta kazi ya umeme. Majuma kadhaa baadaye kadi iliyoandikwa kwa mkono inamfikia mtu huyo, ikitaja yale aliyoyasema. Mabango ya kampeni ya Maxmin nayo yalikuwa ya mbao, yamepakwa rangi kwa mkono na watu wa palepale.

Manufaa ya kutembelea watu yamepimwa. Mwaka 1998, Alan Gerber na Donald Green wa Chuo Kikuu cha Yale walifanya jaribio mjini New Haven kwa wapiga kura wapatao 30,000. Baadhi walitembelewa, baadhi waliandikiwa barua, baadhi walipigiwa simu. Waliotembelewa walijitokeza kupiga kura kwa wingi zaidi, tena kwa tofauti iliyo wazi. Barua zilisaidia kidogo, na simu hazikusaidia. Lakini ushahidi wa zamani zaidi ndio unaonigusa. Mwaka 1832, kijana wa miaka 23 aitwaye Abraham Lincoln aligombea kwa mara ya kwanza bunge la jimbo la Illinois. Alishika nafasi ya nane kati ya wagombea 13, akashindwa. Ila katika kituo cha New Salem, kijiji alichoishi, ambako watu walimfahamu kwa sura na kwa maneno, alipata kura 277 kati ya 300. Miaka miwili baadaye alichaguliwa.

Maxmin hakuhitaji kungoja. Novemba 2018 alishinda. Mwaka uliofuata alipeleka bungeni muswada wa mazingira ulioungwa mkono na shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Maine, na sheria iliyotokana nao ilitoa nafasi kwa wanagenzi katika ujenzi wa mitambo mikubwa ya umeme. Kwa mtu aliyetoka kwenye harakati za chuo, kuwapata mafundi umeme upande wake ni kazi ya masikio. Mwaka 2020 aligombea useneti wa jimbo. Korona ilipofunga milango, kundi lake liliwapigia simu wazee wa eneo hilo kuwauliza kama wana chakula na dawa. Akamshinda Dana Dow, aliyekuwa kiongozi wa Warepublican katika seneti hiyo.

Mwaka 2022 hakugombea tena. Yeye na Woodward waliandika kitabu, Dirt Road Revival, na kazi ya hodi wakaanza kuwafundisha wengine. Anayejiandaa kugombea wadi au kata huku kwetu akitafute kitabu hicho, akisome akiwa na kalamu mkononi, kisha atoke akapige hodi kwenye nyumba ambayo wenzake wote wameiruka.