Maonyesho ya Wanafunzi na Mkono wa Mtazamaji

Miongoni mwa mambo yanayodhihirisha hali ya utamaduni wa taifa ni namna shule zake zinavyoonyesha kazi za wanafunzi mbele ya wazazi. Katika shule ifundishayo sanaa, siku ya wazazi ina uzito wake. Familia iliyomtoa mtoto wake, ikamlipia nauli na mahitaji, huja kuuliza, japo kimoyomoyo, anafunzwa nini huko na kitamfaa nini maishani. Hotuba ya mgeni rasmi haiwezi kulijibu swali hilo. Hulijibu chumba cha maonyesho.

Kwa miaka mingi jibu lilitolewa kwa namna moja: picha zimepangwa ukutani, vinyago vimewekwa mezani juu ya kitambaa cheupe, na pembeni pana kibao kisemacho "Usiguse". Mzazi hupita, hutikisa kichwa, husema "hongera", kisha huenda zake kutafuta kivuli. Katika miaka ya karibuni baadhi ya walimu wamejaribu njia nyingine, ile iitwayo maonyesho shirikishi, ambamo mgeni huombwa kushika, kupanga, kuandika au kuchora, na kazi haikamiliki mpaka afanye hivyo. Wapo wanaoishangilia njia hii kama jambo jipya lililotoka ng'ambo. Wapo pia wanaoibeza kuwa ni mchezo wa watoto. Sisi tunaona kwamba makundi yote mawili yamekosea, kwani jambo lenyewe si geni kwetu, wala si jepesi.

Tuanze na huo unaodhaniwa kuwa ugeni wake. Mwana hiti wa Wazaramo, kile kinyago kidogo cha mti, alichongwa ili abebwe. Mwali alipokuwa ndani alimpakata, akamtunza kama mtoto mchanga na kumpaka mafuta. Mng'ao wa mti ule ulitokana na mikono ya wasichana pamoja na zana ya fundi. Hali kadhalika vinyago vya udongo vilivyotumika katika jando na unyago kaskazini mashariki mwa nchi yetu, ambavyo Hans Cory alivieleza katika kitabu chake cha mwaka 1956, vilikuwa na nyimbo zake na mafundisho yake. Akitazamaye kimojawapo bila kuujua wimbo wake huona udongo tu. Leo mwana hiti yumo katika makumbusho kadhaa ya dunia, nyuma ya kioo, salama na bubu. Hatuyalaumu makumbusho kwa kuhifadhi. Tunalosema ni kwamba kibao cha "Usiguse" ni desturi ya makumbusho, na shule imeiazima bila kujiuliza kama inafaa mahali pa kujifunzia.

Sanaa za maneno nazo zashuhudia hayo hayo. Mtegaji asemapo "Kitendawili!" hawezi kuendelea mpaka hadhira iitikie "Tega!" Hadhira ikishindwa kufumbua, humpa mji, naye akiridhika ndipo atoapo jibu. Katika taarabu, mwenye kuinuka kwenda kumtuza mwimbaji huchagua ubeti wake, na kwa kuuchagua humfikishia mtu fulani ukumbini ujumbe ambao mtunzi hakumjua mlengwa wake. Katika mifano yote miwili mshiriki ana kitu cha kupoteza: mmoja hupoteza mji, mwingine huufichua moyo wake mbele ya watu. Hicho ndicho kipimo tunachopendekeza kitumike kuyahukumu maonyesho shirikishi ya wanafunzi. Je, mgeni anaposhiriki, kuna kitu kinachobadilika ndani yake au katika kazi yenyewe?

Kwa kipimo hicho, kazi nyingi zinazopendwa siku za wazazi hushindwa. Mashuhuri kati yake ni kitambaa cha viganja. Wageni huchovya mikono katika rangi, hupiga chapa ya viganja vyao, hupigwa picha, na jioni kitambaa hukunjwa. Ni furaha njema, nasi hatuikatazi. Lakini kiganja cha baba wa mtoto na kiganja cha mpita njia vina thamani sawa pale; angekuja yeyote, kitambaa kingekuwa kilekile. Mwanafunzi naye hakuamua lolote ila rangi za kununua. Kitendawili hakikutegwa, na kwa hiyo hapana awezaye kukifumbua.

Tuchukue mfano ulio kinyume chake. Mwanafunzi anachora kanga. Anaweka pindo na mji, lakini mahali pa jina anapaacha wazi. Mama au shangazi anaombwa alitaje jina ambalo angependa kulivaa, na ambalo hajapata kuliona dukani. Hapo kicheko hupungua. Mvaaji wa kanga anajua kwamba jina lake huweza kumwendea mtu: mume, jirani, mke mwenza, wifi. Atafikiri. Atamtazama mwanawe kabla hajalitamka. Mwanafunzi atalikata katika karatasi ngumu na kulichapa mbele yake, na katika kazi hiyo atagundua kwamba maneno marefu hayaenei, kwamba herufi zina uzito wake, na kwamba pindo alilolichora kwa mbwembwe linagombana na maneno ya mtu mzima. Mafunzo yamekwenda pande mbili. Hata hivyo, kazi hiyo tunaidai jambo moja zaidi: mwanafunzi asiishie kuyatundika majina hayo kambani. Kanga hujibiwa kwa kanga. Achape lake la kumjibu mama yake, ndipo maonyesho yatakapokuwa mazungumzo.

Watakuwapo walimu watakaosema kwamba ushirikishaji ni kichaka cha kufichia uvivu. Asiyejua kuchora huwaachia wageni wamchoree. Hoja hii ina nguvu, nasi tumeziona kazi zinazoithibitisha. Lakini kazi ya kushikwa hudai ufundi zaidi. Picha ya ukutani yaweza kuuficha mgongo wake. Kinyago kitakachogeuzwageuzwa na mikono mia moja hakina mgongo. Kiungo kikilegea kitaonekana, pasipopigwa msasa vizuri patamchoma mtoto, mti usiokauka utapasuka. Lygia Clark wa Brazili, aliyeanza mwaka 1960 kutengeneza sanamu za mabamba ya chuma yaliyounganishwa kwa bawaba ili mtazamaji azikunje apendavyo, asingeweza kuifanya kazi hiyo bila kuijua bawaba. Sanamu zake nazo, baada ya kupata thamani kubwa, mara nyingi huwekwa mahali zisipoguswa. Yaliyompata mwana hiti yamezipata. Kazi ya namna hii ina umri mfupi, na shule, ambayo haikuwekwa ili iuze wala ihifadhi kwa ajili ya karne zijazo, ndiyo mahali pake.

Lakini jambo kubwa kuliko yote ni la mzazi mwenyewe. Bado wapo wazazi waionao sanaa kuwa kimbilio la aliyeshindwa masomo, na neno uhuni halikai mbali na ulimi wao. Taifa limejitahidi: Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana iliundwa mwaka 1962, Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na mwaka 2007 kikawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, sheria ya Baraza la Sanaa la Taifa ilitungwa mwaka 1984. Hata hivyo, mzazi hashawishiki kwa sheria. Mpe patasi na kipande cha mti, ajaribu kulitoa sikio la kinyago ambalo mwanawe hulitoa kwa mapigo machache, naye akishindwa ataelewa kwamba huku kuna elimu. Wenzetu wa sanaa za maonyesho waliliona hilo mapema. Huko Malya, mkoani Mwanza, mwaka 1982 na 1983, michezo ya kuigiza na ngoma zilitumika ili wanakijiji wenyewe walizungumze tatizo la mimba za wasichana wa shule. Na mradi wa Tuseme, ulioanza mwaka 1996, uliwapa wasichana wa sekondari jukwaa la kusema yanayowakwaza. Sanaa za ufundi zimechelewa kulifuata somo hilo.

Kwa hiyo tunawasihi walimu wapunguze wingi wa kazi zinazoonyeshwa, ili kila mwanafunzi asimame kando ya kazi yake na kuulizwa. Iwepo meza moja ya kujaribia, yenye zana halisi. Yale wageni waliyoyasema na kuyatenda yaandikwe, yajadiliwe darasani juma linalofuata, na majadiliano hayo yapewe alama kama zilivyopewa kazi zenyewe. Nanyi wanafunzi, msimwite mzazi ashiriki mahali ambapo hamna haja ya jibu lake, kwa maana atalitambua hilo upesi, na mwaka ujao hatakuja.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Tuzo kubwa awezalo kupewa mwanafunzi na watu wa kwao ni kujibiwa. Basi na aulize vizuri.