Indrek Hargla na Swali la “Ingekuwaje?”

Katika toleo hili tumeona tutoke kidogo nje ya uwanja wetu wa kawaida, tumwangalie mtunzi wa Kiestonia anayejulikana kwa jina la Indrek Hargla. Hilo ni jina la kiuandishi. Jina lake halisi ni Indrek Sootak. Alizaliwa Tallinn mwaka 1970, akasomea sheria katika Chuo Kikuu cha Tartu na kuwahi kufanya kazi katika Wizara ya Mambo ya Nje. Lugha anayoiandikia ina wasemaji wapatao milioni moja na laki moja. Hadithi zake za mwanzo zilitoka mwishoni mwa miaka ya 1990, na tangu hapo amekwisha kujizolea tuzo kadhaa za Stalker, ambazo hutolewa na wapenzi wa bunilizi ya kisayansi nchini humo.

Ni rahisi kuigawa kazi ya Hargla katika mafungu mawili: kijana aliyeandika mambo ya ajabu, na mtu mzima aliyeyaacha akaingia katika riwaya ya upelelezi ya kihistoria, ambayo ndiyo iliyomtoa nje ya nchi yake. Sisi tunadai kwamba mgawanyo huo hauna mashiko. Hargla hakuacha kitu.

Tuanze na istilahi. Waestonia wana neno ulme, lililotokana na ulm, yaani ndoto au njozi. Neno hilo moja linafunika bunilizi ya kisayansi, fantasia na hadithi za kutisha. Kwa hiyo mtunzi anayevuka kutoka chumba kimoja hadi kingine hahesabiwi kuwa amehama nyumba. Katika Kiswahili tumeshikilia “riwaya ya kisayansi”, na neno “sayansi” limetubana. Walenisi ya Katama Mkangi (1995), ambamo Dzombo anarushwa katika chombo kilichokusudiwa kumwangamiza, aghalabu hufundishwa kama istiari ya kisiasa, na chombo chenyewe hupitwa haraka kana kwamba ni cha watoto. Tunadhani hapo pana hasara.

Chini ya paa hilo la ulme, Hargla amependelea zaidi historia mbadala. Mtunzi wa aina hii hubadili jambo moja katika historia, kisha analazimika kuufuata ulimwengu wake mpya kwa uaminifu wote. Katika French ja Koulu (2005), kwa mfano, karne ya 21 imefika lakini ukabaila haukufa. Mwaka huohuo alihariri Õudne Eesti, mkusanyo wa hadithi za kutisha za Kiestonia, kazi inayoonyesha kwamba alikuwa pia akiitafutia jadi yake ukoo.

Mwaka 2010 ndipo alipotokea Melchior Wakenstede, mfamasia wa Tallinn. Riwaya ya kwanza, Apteeker Melchior ja Oleviste mõistatus, inatupeleka mwaka 1409. Shujaa wa zamani wa vita wa Shirika la Kitutoni anauawa kwa kukatwa kichwa huko Toompea, ngome iliyo juu ya kilima. Mji wa chini una baraza lake, wafanyabiashara wake na kanisa la Mtakatifu Olaf, na mauaji hayo yanaweza kuzigombanisha mamlaka mbili. Melchior anatumia macho, pua na ujuzi wa dawa. Famasi ya baraza ipo kweli mjini Tallinn, na kumbukumbu zinaitaja tangu 1422.

Lakini hebu msomaji ajiulize: wakazi wenye sauti katika Tallinn ya 1409 walisema lugha gani? Walisema Kijerumani cha kaskazini. Kiestonia kilikuwa lugha ya wakulima, watumishi na wachukuzi. Katika riwaya ya Hargla, mashujaa, watawa na madiwani wote wanabishana kwa Kiestonia chenye heshima kamili. Tena maneno mõrv (mauaji) na roim (uhalifu), ambayo riwaya ya upelelezi ya Kiestonia haiwezi kuyakwepa, yalibuniwa na mwanaisimu Johannes Aavik katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Kosa la 1409 linachunguzwa kwa msamiati ambao mabibi na mababu wa wasomaji waliuona ukizaliwa! Hapa ndipo tunapomwona Hargla wa ulme akiwa kazini. Lile “ingekuwaje?” limeingia ndani ya lugha yenyewe. Sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi ambako kwa muda mrefu kiliitwa lugha ya askari hatuwezi kulipita jambo hili kama pambo.

Ushahidi wa pili ni laana ya ukoo wa Wakenstede. Melchior, mtu wa mantiki na mizani, amerithi mateso yanayomvamia ghafla, na dawa zake mwenyewe hazina nguvu juu yake. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mpelelezi mwenzake, hakubebeshwa mzigo wa namna hii. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) habari za mzimu zinasimama mbele ya akili na kushindwa. Hargla anaacha mlango wazi kidogo, nasi tunaona anafanya vizuri.

Hatusemi kwamba hana kasoro. Mwisho wa riwaya ya kwanza umelemewa na maelezo: watu wanakusanywa, mfamasia anazungumza, kurasa zinapita, na mvutano uliojengwa kwa uangalifu unalegea. Wahusika wengine nao wanaletwa ili watoe habari, kisha hawaonekani tena.

Riwaya mbili za kwanza za Melchior zilipatikana kwa Kiingereza miaka ya 2015 na 2016, na filamu tatu zikatolewa 2022. Sehemu kubwa ya kazi zake za ulme ingali katika Kiestonia. Msomaji wa mbali, basi, humpata mpelelezi bila kuliona karakana alimoundwa, na mwanafunzi atakayemchagua Hargla kwa tasnifu ya fasihi linganishi hana budi kulitaja pengo hilo mapema.