Kabla ya Spesa, Pima: Jinsi Magari Yanavyoinuliwa Kamakis

Gari la mkazi wa Kamakis hutumikia barabara mbili kila siku, na barabara hizo hazitaki kitu kimoja. Asubuhi hutoka kwenye njia za udongo za mitaa ya Ruiru, zenye mashimo, mawe yaliyochomoza na bampu ambazo wakazi wamejiwekea bila kipimo. Muda mfupi baadaye liko Eastern Bypass au Thika Road, ile iliyofunguliwa rasmi mwaka 2012 baada ya kupanuliwa, na hapo linatakiwa litulie kwenye kasi ya kilomita 80 kwa saa huku lori likilipita ubavuni. Njia ya udongo inataka nafasi chini ya tumbo la gari na magurudumu yenye uhuru wa kupanda na kushuka. Lami inataka gari lisiyumbe na matairi yasiachane na barabara.

Kando ya bypass, jibu la kawaida kwa gari linalokwaruza chini ni spesa, kipande kinachopachikwa kwenye shoki au springi ili bodi ipande. Fundi anaijua kazi, kifaa hakina bei kubwa, na baada ya saa chache mteja anaona kwa macho yake kwamba gari limepanda. Naelewa kwa nini watu huchagua hivyo. Hata hivyo nashikilia kwamba magari mengi yanayoinuliwa hapa hayakuwa mafupi, yalikuwa yamechoka. Springi zimelala, shoki zimekufa, na spesa inaficha maradhi yote mawili kwa muda.

Kwa hiyo kazi ianze na futi ya kupimia. Weka gari mahali tambarare bila abiria, kisha pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, pembe zote nne. Kupima hivyo kunaondoa tairi kwenye hesabu na kukuachia springi peke yake. Linganisha kushoto na kulia, halafu ulinganishe na gari la aina hiyohiyo ambalo springi zake bado nzima. Hata gari lililoingia nchini juzi lipimwe: Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8, na kwa sababu ya bei wanunuzi wengi huchukua yaliyokaribia mpaka huo. Gari linaloitwa jipya mtaani limetembelea shoki zake za kwanza kwa miaka kama 7 kabla ya kukutana na shimo lake la kwanza Ruiru.

Kipimo cha pili kinafanywa gari likiwa na watu. Tuchukue gari ambalo kila springi ya nyuma inahitaji uzito wa kilo 2.5 hivi ili ishuke milimita 1. Springi mbili zinahitaji kilo 5. Watu watatu wa kiti cha nyuma na mizigo ya buti wakiongeza kilo 250 juu ya magurudumu hayo, nyuma inashuka milimita 50. Kama chini kulikuwa na milimita 150, sasa zimebaki 100, na bampu ya mtaani haihitaji zaidi ya hapo kukwangua ekzosi. Anayeendesha peke yake kwenda kazini na anayebeba familia nzima hadi Murang'a kila Jumamosi wanaweza kuwa na gari la aina moja na rangi moja, lakini dawa yao si moja.

Sasa tuingie chini ya gari, maana spesa nazo si kitu kimoja.

Aina ya kwanza hukaa juu ya shoki, kati ya mauntingi na bodi. Mbele ya Fielder, Vitz, Demio na Note kuna mfumo wa MacPherson, unaobeba jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson aliyeubuni katika miaka ya 1940. Shoki na springi zimeunganishwa zikawa nguzo moja inayobeba gari na kuliongoza gurudumu. Ukiishusha nguzo nzima kwa spesa ya milimita 30, ndani yake hakibadiliki kitu. Springi imebanwa kama zamani na shoki ina nafasi ileile ya kupanda na kushuka, ndiyo maana ulaini wa gari unabaki ulivyokuwa. Hasara iko kwingine. Gurudumu likining'inia shimoni, sasa linashuka milimita 30 kupita pale kiwanda kilipoweka mwisho. Shafti inayolizungusha inapinda kwa pembe ambayo jointi ya CV haikutengenezewa. Buti ya raba inayoifunika jointi inachanika, grisi inatoka, vumbi linaingia, na siku moja ukikata kona unasikia tak-tak-tak. Boljointi na bomba la breki navyo vinavutwa kupita kiasi.

Aina ya pili huwekwa chini ya springi, juu ya bakuli lake. Hapa gari linapanda kwa sababu shoki imelazimishwa kurefuka. Kama ilikuwa na milimita 70 za kushuka na umeichukulia 30, zimebaki 40. Ukivuka bampu na mwili wa gari ukaruka juu, shoki inafika mwisho wa urefu wake na kugonga chuma kwa chuma. Wenye magari huja wakilalamika kwamba mbele kunagonga, wanabadilishiwa linki za stabilaiza, kisha bushi, na mlio haukomi. Ingawa hivyo, spesa hii ina matumizi mamoja ninayoyakubali. Springi iliyolala hupoteza urefu, lakini ugumu wake hubaki karibu uleule. Kipande cha milimita 10 chini ya springi iliyopoteza milimita 10 kinairudisha shoki mahali ilipopangiwa kukaa. Hapo unarudisha kilichopotea, na hilo linatofautiana sana na kuongeza ambacho hakikuwepo.

Aina ya tatu ni raba inayobanwa katikati ya mizunguko ya springi. Hii naikataa. Ugumu wa springi unategemea idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Ikiwa ni 6 na raba ikaunyamazisha 1, springi inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20, na hukuchagua asilimia hiyo wala hujui kama upande wa pili umepata sawa. Tena mkazo wote unasukumwa mahali pamoja, kingo za raba zinakwangua rangi, kutu inaanza, na springi inakatika hapohapo.

Wengine hukimbilia springi ngumu. Probox, iliyotoka mwaka 2002, inaonyesha vizuri bei ya ugumu. Ni gari la biashara, lililoundwa kubeba hadi kilo 400, na likiwa na mzigo wake hutulia. Likiwa tupu linaruka nyuma kwenye kila kokoto, na tairi lililo hewani halishiki breki wala kona. Springi za mzigo ndani ya gari lisilobeba mzigo hukupa hasara hiyohiyo.

Tulishawahi kuwa na somo la kinyume katika nchi hii. Peugeot 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda kwa 504 Coupé, na 504 ya kubebea abiria ikawa matatu ya masafa marefu iliyoheshimiwa. Siri yake haikuwa urefu peke yake. Springi zilikuwa laini, magurudumu yalikuwa na safari ndefu ya kupanda na kushuka, na shoki zilimudu kuzituliza springi hizo. Gari la kila siku la Kamakis linahitaji mpangilio wa namna hiyo. Safari ya gurudumu ndiyo mali, na spesa ya chini ya springi inaila.

Nafika kwenye shoki, na dukani swali la kwanza huwa lilelile: unataka ya gesi au ya mafuta? Swali hili limewapotosha watu wengi. Shoki zote mbili zinafanya kazi kwa mafuta. Pistoni inayalazimisha mafuta kupita kwenye valvu nyembamba, mwendo unageuka joto, na springi inaacha kuchezacheza. Kazi ya gesi ni kuyakandamiza mafuta ili yasitoe povu. Kwenye njia ya murram yenye vijituta vya mawimbi, pistoni hupanda na kushuka mfululizo kwa kasi kubwa. Mafuta yasiyo na shinikizo yanachanganyika na hewa, na baada ya mwendo kidogo gari linaanza kuelea. Kwa mtu wa njia za udongo kila siku, shoki ya mirija miwili yenye gesi ya shinikizo dogo, kama Excel-G ya KYB, kampuni ambayo mafundi wetu bado huiita Kayaba, ni chaguo la busara. Shoki ya mrija mmoja yenye gesi ya shinikizo kubwa hupoza mafuta vizuri zaidi na haichoki upesi kwenye mwendo mkali. Lakini pistoni yake inateleza moja kwa moja kwenye ukuta wa nje, kwa hiyo jiwe likiubonyeza ukuta huo, pistoni inakwama. Mtu anayepita kwenye kokoto na anayesafiri kwa lami tupu hawatalipia sifa zilezile.

Shoki za mitumba kutoka Japani ni jambo jingine. Zinauzwa kwa kubonyezwa kwa mkono: ikirudi polepole, nzima. Mkono wa mtu hauwezi kuisukuma pistoni kwa kasi ambayo shimo huisukuma, kwa hiyo jaribio hilo halioni valvu iliyochoka. Vumbi likikwama kwenye mafuta yaliyovuja juu ya shoki, hilo tayari ni jibu. Kama hakuna uvujaji, kilichobaki ni imani, na mimi singenunua breki wala shoki kwa imani.

Kosa la gharama kubwa kuliko yote nadhani hufanyika nyuma ya Subaru Forester. Baadhi ya Forester za kizazi cha pili, kilichoanza mwaka 2002, na za kizazi kilichofuata zilitoka kiwandani na shoki za nyuma zinazojisawazisha. Ndani ya shoki hiyo kuna pampu isiyohitaji umeme. Gari likibebeshwa mzigo na kuondoka, mtikisiko wa barabara wenyewe unaiendesha pampu, shinikizo linapanda, na baada ya mwendo mfupi nyuma inarudi kwenye urefu wake. Ni kazi ya uhandisi ya kupendeza, na inafaa sana mahali kama hapa. Jambo la kushika ni kwamba shoki hiyo inabeba sehemu ya uzito wa gari. Kwa sababu hiyo wahandisi waliipa springi laini kuliko ile ya Forester yenye shoki za kawaida.

Shoki zikifa, nyuma inakaa chini kama gari lililojaa saruji. Mwenye gari anauliza bei ya shoki zilezile, anashtuka, anafungiwa za kawaida, na springi zinaachwa zilezile laini. Uzito uliobebwa na shoki sasa hauna wa kuubeba. Gari linabaki limelala, na fundi anaweka spesa juu ya springi ambayo tangu mwanzo haikukusudiwa kusimama peke yake. Likipakia watu linagonga raba za mwisho, zile zinazozuia springi isibanwe kupita kiasi, kwenye kila bampu. Jibu ni kubadilisha shoki na springi kwa pamoja, springi zikiwa za Forester isiyojisawazisha au zilizotengenezwa mahsusi kwa badiliko hilo. Bei ya kazi inapanda siku hiyo, lakini inafanywa mara moja.

Upande wa matairi kuna ukweli ambao wauza spesa hawautaji. Spesa huinua bodi na kila kilichofungwa kwenye bodi. Mhimili wa nyuma wa Fielder, ulioungana na magurudumu, unabaki palepale ulipokuwa. Ni tairi tu linaloweza kuuinua. Kutoka 195/65R15 kwenda 205/65R15, katikati ya gurudumu inapanda kama milimita 6 au 7. Ukienda 205/70R15 unapata karibu 17, ila mzunguko wa tairi unakua kwa asilimia 5 hivi: kipima kasi kikisoma 80, gari liko 84, na usukani ukikatwa hadi mwisho tairi linaweza kugusa fenda ya ndani. Hatua ya kwanza naiona salama kwa magari mengi, ya pili ni ya kupimwa gari likiwa juu ya jeki kabla ya kulipa.

Kwa gari la kawaida la mtaani, fedha ningezigawa hivi. Bushi na boljointi zilizolegea kwanza, kwa sababu shoki mpya juu ya bushi zilizokufa haisikiki. Kisha shoki nne mpya, au angalau mbili za mhimili mmoja, pamoja na mauntingi na raba zake za mwisho. Kisha springi, kama futi imesema zimelala. Nafasi ikiwa bado haitoshi, tairi hatua moja na bamba la chuma chini ya injini. Spesa ya juu, isiyozidi milimita 20, nyuma ya hayo yote.

Wakati wa kufunga, mwombe fundi asikaze kabisa boliti za bushi gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Raba ya bushi imeshikamana na chuma pande zote mbili. Ikikazwa gurudumu likining'inia, inabaki imesokotwa muda wote gari linapokuwa limesimama kawaida, na itachanika kabla ya wakati wake. Literemshwe, litikiswe likae kwenye urefu wake, ndipo zikazwe. Baadaye ni alaimenti, na usiku uangalie taa zinapiga wapi, kwa maana gari lililopanda mbele peke yake huwapiga madereva wa upande wa pili machoni. Ukishatembea wiki mbili tatu kwenye njia zako za kawaida, rudi na futi ileile upime pembe zote nne tena. Springi mpya hushuka kidogo mwanzoni, na ikiwa pembe moja imeshuka kuliko zile nyingine, ni rahisi kudai haki yako dukani risiti ikiwa bado mkononi.